Ngwali na Sultani Aliyepiga Marufuku Kasoro

Hapo zamani, enzi ambazo kilemba cha sultani kilifungwa na watu watatu na kufunguliwa na wanne, palikuwa na mji ukiitwa Mwambamkuu, na mtawala wake alikuwa Sultani Mwinyikombo. Sultani huyu hakuwa mkatili, msije mkamwonea bure. Hakuua mtu, hakupora shamba la yatima, na maskini walikula kwake kila Ijumaa. Ila alikuwa na masikio mororo mno. Neno lolote lisilo la kumsifu lilimchoma kama mwiba, akasusa chakula, akanuna siku tatu, na jumba zima likakosa raha pamoja naye.

Basi katika mji huo palikuwa na kisima kimoja kikubwa, kisima cha Sultani, na watu wote walichota humo. Mwaka mmoja Sultani akatamani bustani ya mawaridi, na Waziri wake, jina lake Burhani, akaamuru kisima kichimbwe kwenda chini zaidi ili maji yatosheleze bustani. Wachimbaji wakamwambia, "Bwana Waziri, tukizidi hapa tutafika maji ya bahari." Waziri akawajibu, "Nyinyi mmeitwa kuchimba, hamkuitwa kufikiri." Wakachimba. Siku ya tatu maji yakapanda kwa wingi, watu wakashangilia, na wa kwanza kuyaonja akayatema.

Sultani hakuwa na habari, kwa kuwa yeye alikunywa maji ya mvua yaliyohifadhiwa katika birika la jumbani. Alichosikia ni kwamba watu wananung'unika kisimani. Akaudhika kupita kiasi, akasema, "Nimewapa maji tele, nao wanaguna!" Waziri Burhani, ambaye alikuwa na sababu zake za kutotaka habari ya kisima kile ifuatiliwe, akamshauri la kufanya. Ikawa asubuhi yake mpiga mbiu anapita mitaani na pembe yake, akitangaza, "Sikilizeni, enyi watu! Atakayetia ila kitu chochote cha Sultani atafungwa gerezani, wala hatatoka mpaka asahau alichosema!"

Watu wakaacha kusema, wakawa wanakohoa. Mtu akionja maji, anakohoa, na mwenziwe anaitikia kwa kikohozi, wakaelewana vizuri kabisa. Waziri akapata habari, kikohozi kikapigwa marufuku. Watu wakawa wanakunja uso. Nyuso zilizokunjwa zikapigwa marufuku, hata wazee wenye makunyanzi ya asili wakapata taabu kutoka nje. Basi watu wakanyamaza, wakakaza nyuso kama mbao, na Waziri akaona hilo ndilo baya kuliko yote, kwa maana nani ajuaye mtu aliyenyamaza anasema nini moyoni? Mbiu ikapigwa tena, ya kwamba kila apitaye mbele ya kitu cha Sultani lazima akisifu kwa sauti. Na kwa kuwa mji mzima ulikuwa wa Sultani, ukawa mji wa makelele. Watu walisifu ngazi, walisifu milango, walimsifu punda wa jumbani akiwapiga mateke.

Mtu wa kwanza kufungwa kwa sheria hiyo alikuwa mwanamke, jina lake Bi Mize. Alikwenda kisimani siku ileile ya mbiu ya kwanza, akachota, akaonja, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Maji haya ya chumvi." Hakuongeza neno. Askari wakamchukua. Na kila asubuhi mlinzi wa gereza alimfungulia mlango akamwuliza kama sheria ilivyotaka, "Bi Mize, maji ya kisima yakoje?" Naye humjibu, "Ya chumvi." Mlinzi akamwambia, "Basi rudi ndani, mama." Wakaenda hivyo miezi mitatu, na wote wawili walikwisha kuchoka.

Mumewe Bi Mize aliitwa Ngwali, na kazi yake ilikuwa kuziba mitungi iliyopasuka. Hakuwa na kitu. Mji mzima ulimwita mpumbavu, kwa sababu alifanya kila alichoambiwa sawasawa kama alivyoambiwa. Tajiri mmoja aliwahi kumwambia, "Nisubiri hapa mlangoni mpaka nirudi," kisha akatoka kwa mlango wa nyuma akasafiri. Aliporudi siku ya nne alimkuta Ngwali mlangoni, amekonda, anamsubiri. Ndiyo tabia yake. Lakini alimpenda mkewe, alimpenda sana, na nyumba bila sauti ya Mize ilimwia chungu. Hapakuwa na wa kumwambia kwamba ameunguza mchuzi. Alikula mchuzi ulioungua miezi mitatu, akatokwa na machozi juu ya sinia, wala si kwa sababu ya moshi.

Basi siku moja ya Alhamisi akajitia moyo akaenda barazani kwa Sultani. Akapiga magoti, akasema, "Bwana wangu Sultani, Mungu akuzidishie umri. Nimekuja kumwombea mke wangu."

Sultani akanena, "Mkeo alitia ila kisima changu. Amekwisha kusahau alichosema?"

"Bwana wangu, mke wangu hajasahau hata nilichomwambia siku ya posa."

Watu wakataka kucheka, wakakumbuka kwamba hawajui kama kicheko kinaruhusiwa. Sultani akamgeukia Waziri, na Waziri akainama akamnong'oneza sikioni muda mrefu. Kisha Sultani akasema, "Ewe Ngwali, sikiliza. Kesho Ijumaa utakaa ubavuni kwangu tangu jua kuchomoza hadi kutua. Kila kitu changu nitakachokuonyesha utakisifu. Ukitia ila, umevunja sheria. Ukinyamaza, umenidharau. Na ukisema uongo, umenidhihaki, na Kadhi atakuwapo kupima kila neno lako kama ni kweli. Ukifika machweo salama, mkeo ni wako. Ukiteleza, nitaukata ulimi wako, na mkeo atabaki alipo."

Hapo ndipo mjue Waziri Burhani alikuwa mtu wa hatari. Kusifu kila kitu bila uongo! Hata malaika angeomba apewe kazi nyingine. Lakini Ngwali akauliza tu, "Nisifu, nisitie ila, nisinyamaze, nisiseme uongo. Ni hayo tu, bwana wangu?"

"Ni hayo tu."

"Basi nitafanya hivyohivyo," akasema Ngwali, akaenda zake.

Hata asubuhi yake akafika, akakaa ubavuni. Kadhi naye akaja na tasbihi yake, mzee mpole, muoga kuliko kuku mgeni. Wakaanza na farasi wa Sultani, aliyekuwa mzee kiasi cha kuegemezwa ukutani asianguke. Sultani akasema, "Sifu!"

Ngwali akamtazama farasi, akasema, "Bwana wangu, farasi huyu ana miaka minane hajamwangusha mtu."

Kadhi akafikiri. Miaka minane hakuna aliyethubutu kumpanda. "Kweli," akasema.

Wakaenda bustanini. Mawaridi yalikuwa yamekauka yote kwa yale maji, yamebaki vijiti, na mtunza bustani alikuwa amemwambia Sultani kwamba yamelala. Ngwali akasema, "Bwana wangu, katika bustani zote nilizopata kuziona, hii peke yake haina mdudu hata mmoja anayekula maua." Kadhi akaliangalia shina hili na lile, akasema, "Kweli." Sultani akafurahi mno.

Waziri akaona mambo yanamwendea kombo, akamshauri Sultani atoe shairi lake. Maana Sultani alikuwa mtunzi, na shairi lake lilikuwa na beti mia moja na arubaini juu ya uzuri wa kidevu chake. Akalitoa lote. Jua likapanda, kivuli cha ukuta kikawahama, na mzee mmoja barazani akasinzia, akaamshwa, akasifu, akasinzia tena. Shairi lilipokwisha Sultani akafuta jasho, akasema, "Sifu!"

"Bwana wangu," akasema Ngwali, "ulipofika ubeti wa mwisho moyo wangu ulijaa furaha, na nikitazama nyuso za watu hawa naona wote walifurahi pamoja nami."

Kadhi, aliyelisikia shairi lile mara kumi na mbili, akasema kwa sauti iliyotoka moyoni, "Wallahi, kweli."

Basi ukafika wakati wa kwenda msikitini. Na ilikuwa desturi ya masultani wa Mwambamkuu, kila Ijumaa kabla ya sala, kufukiza nguo zao mbele ya watu. Chetezo kikubwa huletwa kimejaa makaa, udi na ubani hutiwa, na Sultani husimama juu yake akiwa amevaa kanzu na joho, pindo zimetandazwa pande zote ili moshi upande ndani, naye hufumba macho na kunyoosha mikono hata anukie vizuri. Siku hiyo Waziri Burhani, kwa hasira na kwa kutaka aonekane mwenye bidii, aliongeza makaa kwa mkono wake mwenyewe, tena akaongeza, mpaka chetezo kikawa chekundu.

Sultani akasimama juu yake. Akafumba macho. Akasema, "Ngwali, sifu joho langu, nalo lina nyuzi za dhahabu kutoka mbali."

Ngwali akatazama. Kwenye pindo la nyuma, kaa moja lilikuwa limeruka na kushika kishada cha pamba. Kilikuwa kijimoto kidogo tu, cha kuzimwa kwa vidole viwili. Akaangalia watu. Wote walikuwa wamekiona. Waziri alikiona, Kadhi alikiona, askari walikiona, na kila mmoja alikuwa anahesabu moyoni kama kusema joho la Sultani linaungua ni kutia ila au si kutia ila. Ngwali alikuwa na huruma, na alijua pia kwamba ulimi wake na mke wake vyote viko katika jawabu hilo.

Akasema, "Bwana wangu, joho lako limeanza kutoa nuru."

Watu wote wakapumua. "Mashaallah!" wakaitikia. "Nuru! Nuru!"

Kadhi akasema, "Kweli," akarudi nyuma hatua moja.

Sultani akatabasamu, macho yamefumbwa. "Nuru ya dhahabu hiyo. Endelea."

"Nuru yenyewe, bwana wangu, haikai mahali pamoja. Inapanda."

"Inapanda!" watu wakapaaza sauti. "Mashaallah, inapanda!"

"Kweli tupu," akasema Kadhi, akarudi hatua mbili.

Sultani akakunja pua. "Nasikia joto kidogo."

"Hakuna joho katika mji huu, bwana wangu," akasema Ngwali, "lenye joto kama lako hivi sasa. Na nuru yake imefika kwenye miguu yako mitukufu."

"Mitukufu!" wakaitikia watu, na baadhi yao wakaanza kulia kwa hofu huku wakisifu.

Hapo Sultani akafumbua macho. Akaona moshi si wa udi. Akaangalia chini, akaona kanzu imeshika mpaka karibu na goti, akaruka juu kwa ukelele ambao, hekaya hii isingekuwa ya adabu, ningewaigizia. "Naungua! Maji! Maji, enyi wana wa watu!"

Kando ya mlango ulikuwapo mtungi mkubwa wa maji ya kunawia miguu. Ngwali, aliyekuwa karibu nao, akauinua wote akamwagia Sultani kuanzia kilembani. Moto ukazimika kwa mara moja. Na kwa kuwa Sultani alikuwa amefungua kinywa akipiga kelele, nusu ya maji yakamwingia tumboni.

Akakohoa. Akatema. Kisha maji yakamfika pale palipoungua mguuni, akaruka tena.

"Ptuu! Maji gani haya? Yanachoma! Haya ni maji ya chumvi!"

Hakuna aliyesifu. Waziri Burhani akaanza kuangalia mlango.

Sultani akamgeukia Ngwali, maji yakimchuruzika kidevuni, akanguruma, "Ewe mpumbavu! Uliniona naungua. Kwa nini hukuniambia?"

Ngwali akapiga magoti. "Bwana wangu, nilikuambia mara tatu. Nilikuambia kuna nuru, nikakuambia inapanda, nikakuambia imefika miguuni. Nilikuambia kwa maneno uliyoniachia. Maneno mengine yote uliyafunga gerezani pamoja na mke wangu."

Sultani akawatazama watu wake. Watu themanini walikuwa wamesimama pale, wengine amewalea, wengine amewaoza wake, na wote walimwona anaungua wakashangilia. Hilo likamwuma kuliko mguu.

Ngwali akamgeukia Kadhi. "Sheikh wangu, maji yale ya mtungini yametoka wapi?"

Kadhi akajibu kwa sauti ndogo, "Kisima cha Sultani."

"Na mtu akisema maji ya kisima cha Sultani ni ya chumvi, hukumu yake nini?"

Kadhi maskini akapiga tasbihi mbio mbio, akamtazama Sultani, akatazama dari, akatazama viatu vyake, na hapana mahali alipopata msaada. Mwisho akasema, "Hufungwa mpaka asahau alichosema."

"Basi, bwana wangu," akasema Ngwali, "mimi ni mtu wa kufuata ninachoambiwa. Nitamwomba mlinzi akutandikie vizuri. Na kila asubuhi akikuuliza maji yakoje, jitahidi usahau, maana mke wangu amejitahidi miezi mitatu ameshindwa."

Sultani akakaa chini, palepale kwenye maji, joho limebaki nusu. Akauliza polepole, "Mkeo alisema nini hasa?"

"Alisema, 'Maji haya ya chumvi.' Ni neno lako lilelile, bwana wangu, ila yeye hakupiga kelele."

Sultani akajiangalia, amelowa, ananuka udi na pamba iliyoungua. Mabega yake yakatikisika. Watu wakadhani analia, nao wakajiandaa kulia. Kumbe anacheka. Akacheka hata akashika mbavu, na watu wakasubiri kwanza waone kama ni salama, kisha wakacheka nao, kicheko cha miezi mitatu.

"Mleteni Bi Mize," akasema.

Akaletwa. Mlinzi wa gereza, kwa mazoea tu, akamwuliza mbele ya Sultani, "Bi Mize, maji ya kisima yakoje?"

Mize akamjibu, "Nawe hujachoka tu? Ya chumvi."

"Kweli," akasema Sultani, kabla Kadhi hajafungua kinywa.

Siku hiyohiyo sheria ikafutwa, na mpiga mbiu akapita akitangaza kwamba mwenye neno aseme, mwenye kikohozi akohoe, na wazee warudi nje na nyuso zao. Wachimbaji nao wakasema ni nani aliyewaamuru wazidi kuchimba, basi Waziri Burhani akaamriwa ajaze shimo lile la chini kisimani mawe kwa mikono yake mpaka maji matamu yarudi, na wachimbaji wasimame juu wakimwelekeza, nao walimwelekeza kwa furaha kubwa.

Sultani akamwita Ngwali, akamwambia, "Umeniokoa. Nakupa nyumba hapa jumbani, na kazi yako itakuwa moja, kuniambia kasoro zangu kila siku."

Ngwali akatikisa kichwa. "Nakushukuru, bwana wangu, lakini kazi hiyo usinipe. Ukimpa mtu mmoja, wengine wote wataona si kazi yao, watarudi kusifu tu. Na mimi mwenyewe nikishazoea wali wako wa samli, mwezi haupiti nitaanza kuona shairi lako ni fupi. Waachie watu wote. Mimi nipe mke wangu tu, twende nyumbani."

Sultani akasikia neno hilo, likamwingia, safari hii bila kumchoma. Akamgeukia Bi Mize, akasema kwa upole, "Bibi, nimekudhulumu. Miezi mitatu nilikuzuia kusema. Sasa sema mbele yangu lolote lililobaki moyoni mwako, wala hapana atakayekugusa."

Mize akamtazama kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akafunga ushungi vizuri, akavuta kigoda, akakaa. Akaanza na kisima, akaja kwenye gereza, paa lake na uji wake, akapita sokoni, akagusa farasi, na alipofika kwenye shairi Sultani akainuka kidogo akasema, "Nadhani hapo, Bibi..."

"Sijamaliza," akasema Mize.

Sultani Mwinyikombo akakaa. Joho lake lilimkaukia mwilini naye angali anasikiliza. Jioni ile alikula vizuri kuliko siku zote, na mumewe Mize alirudi nyumbani akapika mchuzi, ukaungua, akaambiwa.

Hekaya yangu inatua hapa. Aliyeona kasoro ndani yake asinifiche kwa adabu. Nimekaa, na masikio yangu yako wazi.